Mjomba Kasema

Barua ya mwanamke aitwaye Mosi ilifika siku ambayo Bi Nora tayari alikuwa na hasira nyingine tatu. Alikwishagombana na mwenye duka pale Bigwa aliyemuuzia mafuta ya taa yenye maji. Alikwishagombana na redio, ambayo tangu alfajiri ilikuwa inashangilia kiwanda kingine kupata mwekezaji, utadhani wale wafanyakazi mia tatu waliorudishwa makwao ni vumbi la kufagia. Na alikwishagombana na Geofrey, mhariri wake, kwa sababu Geofrey alitaka safu ya "Mjomba Kasema" ipunguzwe nusu ukurasa kupisha tangazo la krimu ya kujichubua.

"Thubutu!" alisema Bi Nora. "Punguza ukurasa wa michezo."

Basi mtu aliyepandwa na hasira namna hiyo ndiye aliyevuta kiti na kuifungua bahasha kutoka Mlali.

Tusimwonee lakini. Nora Geraghty alizaliwa Ayalandi, upande wa magharibi, huko mvua isikokatika. Alikuja Morogoro mwaka 1966 kufundisha Kiingereza shule ya wasichana kwa mkataba wa miaka miwili, na hadi mwaka huu wa 1995 miaka miwili hiyo ilikuwa haijaisha. Alifundisha mpaka akastaafu, akapanga nyumba ndogo Bigwa yenye migomba nyuma, na Kiswahili chake kikawa cha hapo hapo, pamoja na misonyo yake yote. Watu binafsi waliporuhusiwa kuwa na magazeti na kila mwenye taipureta akajiita mhariri, Geofrey naye alianzisha la kwake la kila wiki, akaliita Kasoro Bahari, jina la utani la mji wa Morogoro, likichapwa kwa mzee Chandulal kwenye mashine iliyozoea kadi za harusi. Lilikuwa na safu ya ushauri. Safu hiyo ilimwambia mwanamke mmoja, ambaye mumewe alimpiga mpaka akamvunja mkono, kwamba avumilie na ajitahidi kupika vizuri zaidi. Bi Nora alisoma, akavaa viatu, akatoka Bigwa kwa miguu mpaka mjini na gazeti lake mkononi, akamchana Geofrey mbele ya wafanyakazi wake wote wawili.

"Kama unaona rahisi, andika mwenyewe," Geofrey alisema, akidhani anamkomoa.

Akaandika. Jina la safu alilitoa Semeni, mpiga chapa wa pale ofisini, Mluguru wa Bigwa na mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu, usijiite shangazi," Semeni alimwambia. "Shangazi kwetu ni wa kuja na zawadi. Mwenye kauli ni mjomba. Ardhi inapita kwa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na kaka yake mama ndiye anayesema nani alime wapi. Ukitaka watu wa huku wakusikilize, kuwa mjomba."

Bi Nora alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akawa mjomba. Wasomaji hawakujua. Walishajiamulia wenyewe kwamba Mjomba ni hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mzee wa Matombo mwenye mvi na bakora, na kwa kinyozi mmoja karibu na stendi kulikuwa na bwana aliyeapa kwamba amewahi kunywa naye. Kila jibu lilimalizika kwa maneno yale yale: "Wakikuuliza, waambie Mjomba kasema." Mjini ukawa msemo. Mtu akikatalia kiti chake kwenye foleni ya hospitali, anasema Mjomba kasema. Mwanafunzi akikataa kwenda kuchota maji, Mjomba kasema. Barua arobaini kwa wiki, na gazeti lilinunuliwa kwa ajili ya ukurasa ule mmoja. Watu walikuwa wamechoka kuambiwa wavumilie, na Mjomba hakumwambia mtu avumilie hata siku moja. Mjomba alikuwa na hasira kwa niaba ya kila mtu.

Barua yenyewe ya Mosi ilisema hivi:

"Mjomba wa gazeti, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa Mlali, nina watoto wawili. Shamba ninalolima nyanya na vitunguu alilima mama yangu, na kabla yake bibi yangu, na mama amezikwa hapo hapo pembeni. Sasa mjomba wangu wa damu ameleta wapima ardhi kutoka mjini. Wamepanda bikoni nne za zege za kuonyesha mipaka, na anasema hati itatoka kwa jina la binti yake. Binti yake si wa ukoo wetu. Nikiuliza ananiambia yeye ndiye mjomba, ana kauli. Je, mjomba ana kauli ya namna hiyo? Naomba unijibu wewe ambaye pia ni mjomba. Mosi."

Bi Nora aliisoma mara moja tu. Damu ilikwishachemka. Neno "binti" alilipita bila kulitazama. Alichokiona ni mwanamume mwenye kauli na mwanamke anayeambiwa aondoke, na mwanamume huyo alikuwa na sura ya Donal.

Donal alikuwa kaka yake. Baba yao alikuwa na ekari kumi na moja za majani na mawe, ng'ombe saba na nyumba yenye moshi. Nora ndiye aliyekamua wale ng'ombe tangu akiwa na miaka minane, Donal akiwa bado anatafuta soksi zake. Jioni moja, Nora ana miaka kumi na tisa, baba yao aliketi mezani anamenya viazi, akatangaza kwamba shamba lote ni la Donal, karatasi zimekwishaandikwa. Nora aliuliza, "Na mimi je?" Baba hakunyanyua macho. Aliendelea kumenya, ganda refu jembamba, mpaka kiazi kikaisha, kisha akachukua kingine. Wiki iliyofuata Nora aliondoka na sanduku moja. Hakurudi hata kumzika. Ndiyo maana siku Semeni alipomwambia habari za ardhi kupita kwa mama alicheka mpaka akalia: kumbe kuna mahali duniani wamelipanga jambo hili vizuri! Na sasa anatokea mtu hapo hapo Uluguru, mjomba mzima, anataka kulipangua kwa bikoni za zege. Loo!

"Mwalimu," Semeni alisema, akisoma barua begani kwake, "Mlali tulishawahi kuwajibu habari ya shamba. Kama mwaka juzi hivi. Ngoja nitafute kwenye mafaili."

"Utatafuta baadaye. Mtu anang'olewa kwenye kaburi la mama yake, wewe unaniletea mafaili?"

Semeni alirudi mezani kwake. Mwalimu akishapandisha, kubishana naye ni kazi bure, na hilo Semeni alilijua tangu kidato cha pili.

Jibu lilitoka Ijumaa. "Mwanangu wa Mlali," liliandikwa, "mjomba ni mlinzi wa mali ya dada zake, si mwenye mali. Mlinzi anayeigawa nyumba anayoilinda ni mwizi mwenye funguo. Huyo mjomba wako ni mwizi mwenye funguo. Hizo bikoni zing'oe. Usimwombe mtu ruhusa. Zing'oe kwa jembe la mama yako, na wakikuuliza, waambie Mjomba kasema."

Gazeti liliisha kabla ya saa sita mchana. Mwenye duka wa mafuta ya taa alimsomea Bi Nora jibu lile kwa sauti, bila kujua anamsomea nani, akapiga meza na kusema huyo mzee hana dogo. Bi Nora alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Haukupita mwezi, ikaja barua ya pili. Safari hii mwandiko ulikuwa umeyumba.

"Mjomba, nimezing'oa zote nne. Sasa mjomba wangu ameripoti kwamba nimeharibu alama za serikali, na nimeambiwa naweza kufungwa. Ukoo umemwambia asubiri kwanza, wanataka kutusikiliza Jumamosi hii. Nimewaonyesha gazeti. Mzee wetu Mwinshehe amesema neno la mjomba haliletwi na karatasi. Mjomba akisema, anakuja kukaa mkekani na kujibu alichosema. Wamesema uje. Usipokuja itahesabika nilijisemea mwenyewe, shamba litakwenda, na mimi nitapelekwa polisi. Nakuomba uje. Na uniambie wewe ni ukoo gani, maana wananiuliza."

Bi Nora aliisoma akiwa amesimama. Mtu wa mjini asingefanya kosa kama lile. Mtu wa mjini anajua gazeti ni gazeti. Lakini kwa watu wa Mlali neno mjomba halikuwa jina la kupamba ukurasa, lilikuwa cheo, na mwenye cheo huitwa akaja. Alimpelekea Geofrey barua, akamwambia Jumamosi hatakuwepo.

"Hakuna kwenda," Geofrey alisema. "Mwalimu, fikiria kidogo. Wasomaji wanamjua Mjomba ni Mluguru mwenye mvi. Wakisikia ni Mzungu, tena mwanamke, tena hata mtoto wa dada hana? Gazeti limekufa! Tumekufa wote!"

"Na Mosi?"

"Tutamwandikia kitu kizuri wiki ijayo. Kwa upole."

"Wiki ijayo atakuwa mahabusu, mpumbavu wee!"

"Nakuheshimu, umenifundishia dada zangu," Geofrey alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishaamua. "Lakini ukienda, safu si yako tena."

"Chukua," alisema Bi Nora. "Weka krimu."

Jumamosi asubuhi alipanda na Semeni pikapu iliyokuwa inakwenda Mlali kufuata nyanya. Njia nzima alikuwa anamtayarishia huyo mjomba mwizi vidonge vyake, midomo inacheza, kidole kinahesabu hoja kwenye goti. Semeni alimwambia kwamba amelitafuta lile faili la mwaka juzi na kukuta mchwa wamekwishalila. Bi Nora alisema aachane nalo. Mbele yao mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni, na kando ya barabara watu walikuwa wanapanga vitunguu kwa mafungu.

Kikao kilikuwa kwenye banda la kupakilia nyanya. Watu kama thelathini wa ukoo ule walikaa juu ya matenga yaliyopinduliwa, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na katikati mkeka. Mkekani alikuwepo Mzee Mwinshehe, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia lakini masikio mazima. Pembeni yake aliketi mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu, udongo mweusi bado uko kwenye kucha. Huyo alikuwa Mosi. Ng'ambo yake alikuwa mwanamume mfupi, amevaa koti la kiwandani la rangi ya bluu iliyopauka, Biblia kwapani. Bi Nora hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba, mama. Karibuni." Mzee Mwinshehe alikuwa anaangalia nyuma ya bega lake. "Mjomba mmemwacha kwenye gari?"

"Mjomba ni mimi."

Watu walirefusha shingo kumtazama. Kisha mama mmoja mnene upande wa wanawake akapasuka kicheko: "Jamani! Mjomba kavaa gauni!" Wakacheka wanawake, wakaguna wanaume, mtu akasema huku ni kuchezeana akili. Mosi hakucheka. Alimtazama Bi Nora kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akafunika uso kwa viganja. Yule mwenye koti la bluu naye hakucheka. Alikuwa na sura ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Ukoo gani?" Mzee Mwinshehe aliuliza.

"Sina ukoo huku. Kwetu ni wa baba, na baba hakunipa kitu."

"Dada zako wana watoto?"

"Sina dada."

"Basi wewe si mjomba wa mtu."

"Si mjomba wa mtu," alikubali Bi Nora. "Lakini mimi ndiye niliyemwambia huyu ang'oe bikoni. Kama kuna wa kufungwa, nifungeni mimi. Na sasa nina maneno na huyu bwana."

Akamgeukia Bartholomeo, maana ndilo jina la yule mwenye koti, akamwaga yote aliyoyapanga njiani. Alimwambia dada yake alimwachia ulinzi, hakumwachia urithi. Alimwambia kuna watu hawaoni haya kupanda zege kandokando ya kaburi. Alimwambia anawajua watu wa aina yake, anawajua tangu utoto wake, wanaochukua wakiwa wamekaa mezani, na hawaoni sababu hata ya kumtazama usoni wanayemnyang'anya. Sauti ilipanda mpaka mbwa aliyekuwa amelala mlangoni akaamka na kutoka. Wanawake wawili watatu waliitikia, "Mwambie!"

Bartholomeo alimwacha amalize. Kisha akafungua Biblia, akatoa kipande cha gazeti kilichokatwa kwa mkasi, kimegeuka njano, kimekunjwa mara nne. Alimpa Semeni.

"Binti, wewe soma. Kwa sauti, wote wasikie."

Semeni alikikunjua. Zile herufi alizipanga yeye mwenyewe. Alimtazama Bi Nora.

"Soma," alisema Mzee Mwinshehe.

"'Mjomba mwenzangu,'" Semeni alisoma. "'Mimi ni baba mwenye binti mmoja. Nilimzaa na mke wangu Mchaga, tulikuwa wote kiwandani mjini. Mke amefariki, kiwanda kimefungwa, nimerudi Mlali. Wajomba zake wa Moshi wamemwambia binti yangu, kwetu ardhi hutoka kwa baba, nenda kwa baba yako. Na huku kwetu ardhi hutoka kwa mama. Nikifa, mwanangu hana pa kusimama duniani. Nifanyeje? Baba Mwenye Binti Mmoja, Mlali.'"

"Endelea. Kuna jibu."

"'Ndugu yangu,'" Semeni alisoma, sasa sauti imekuwa ndogo, "'baba anayemwacha binti yake mikono mitupu ni baba wa jina tu. Usisubiri kufa. Tafuta wapimaji, mpimie, mwandikie hati kwa jina lake. Usimwombe mtu ruhusa. Wakikuuliza, waambie Mjomba kasema.'"

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Nora alisimama pale pale, kidole chake bado kimenyooka kuelekea kwenye lile koti la bluu, kisha akakishusha. Aliyakumbuka. Hakuikumbuka barua, barua zilikuwa nyingi mno, lakini yale maneno ya mikono mitupu aliyatambua, kwa kuwa alikuwa ameyaandika huku analia kwa hasira.

"Mimi sikuwa na ubavu wa kupambana na ukoo wangu," alisema Bartholomeo. Hakupaza sauti. "Wewe ndiye uliyenipa. Nilijua ni mwanamume mwenzangu, ana dada, ana mabinti, anaujua uzito wa kauli. Miaka miwili kila nikiogopa nafungua Biblia nasoma hicho. Nikapata moyo, nikawaita wapimaji. Halafu ukaniita mwizi. Mwizi mwenye funguo, mbele ya mkoa mzima! Mwanangu amelisoma. Alinunua gazeti mwenyewe, akaniletea, akaniuliza, baba, huyu si ndiye Mjomba wako?"

Hasira ya Bi Nora ilikuwa bado nzima, ila haikuwa tena na pa kukaa. Ilimtafuta Bartholomeo, haikumwona. Ilimtafuta Donal, naye alikuwa mbali. Ikamrudia mwenyewe, ikampanda kifuani mpaka akatafuta tenga la kukalia.

"Mama," alisema Mzee Mwinshehe, na yeye sasa alikuwa amekasirika, hasira ya mzee asiyetaka kuonekana anakasirika, mkono unasugua mkeka. "Haya mambo sisi tulikuwa tunayamaliza kwa kukaa. Mwaka, miwili, watu wananuniana, lakini wanakaa. Wewe umekaa huko mjini na kalamu yako, huyu ukamwambia toa, yule ukamwambia ng'oa, na wote wawili ukawaambia wasiombe ruhusa. Hukumuuliza mtu hata swali moja. Mjomba gani haulizi?"

Bi Nora alikitazama kile kipande cha gazeti mkononi mwa Semeni.

"Ukoo umegawanyika katikati," mzee aliendelea. "Hawa wanashika karatasi ya mwaka juzi, hawa wanashika ya juzi. Zote zimetoka kwako. Sasa utasema mara ya tatu, na leo tunakuona."

Ndipo, kwa mara ya kwanza katika miaka yake mitatu ya ujomba, Bi Nora akauliza. Aliuliza kama kuna shamba jingine. Akaambiwa lililobaki ni mteremko na mawe, hata muhogo unalikataa. Aliuliza kama hili haliwezi kugawanywa. Mosi mwenyewe ndiye aliyejibu: ni ekari moja na robo, na midomo yake mitatu inakula hapo. Ukiligawa hakuna atakayeshiba. Aliuliza Bartholomeo alikuwa analima wapi. Akaambiwa Bartholomeo analima cha kuazima, na cha kuazima hakirithiwi. Akahesabu kwa kidole kwenye goti, polepole, na hakuna aliyemharakisha.

"Shamba ni la Mosi," alisema mwishoni. "Ni la mama yake na bibi yake, na la watoto wake. Barua ya mwaka juzi niliijibu bila kuuliza shamba lenyewe ni la nani. Nimekosa. Na Bartholomeo si mwizi. Nimemtukana mtu mwema mbele ya mkoa mzima, na namwomba radhi mbele yenu."

"Haya," alisema Mzee Mwinshehe. Alitazama upande wa wanaume, akatazama upande wa wanawake, hakuna aliyepinga. "Bikoni hazirudi. Bartholomeo, Jumatatu utakwenda kuifuta ile kesi."

Bartholomeo alikichukua kile kipande cha gazeti kwa Semeni. Hakukirudisha kwenye Biblia. Alikiweka juu ya mkeka, akakilaza vizuri kwa kiganja, akatoka nje bila kuaga.

Watu walianza kuinuka. Mosi alikuja mpaka mbele ya Bi Nora, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa kwa mtu mzima, lakini macho yake hayakuwa na shukrani.

"Ahsante umekuja," alisema. "Ila ungekuja kwanza, ukaandika baadaye. Mimi na Jesca tumekua pamoja. Likizo zote alikuwa analala kwetu, kitanda kimoja. Mwezi mzima sasa hatusalimiani."

"Jesca ndiye nani?"

Mosi alimtazama kana kwamba hakuamini. "Binti yake mjomba," alisema, akaenda zake.

Kikaoni mtu haondoki bila kutia kitu mdomoni, hata kama wamemchukia. Waliwakaribisha Bi Nora na Semeni kwenye benchi nje ya banda, wakawaletea maji ya kunawa, chai ya rangi, na sahani ya viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, moshi bado unafuka. Aliyeleta sahani alikuwa msichana mrefu aliyejitanda kitenge. Aliiweka, lakini hakuondoka. Bi Nora alichukua kiazi kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Nilikuwa nyuma ya matenga," alisema yule msichana. "Nimesikia yote. Mimi ndiye Jesca."

Semeni aliacha kutafuna.

"Simwonei wivu Mosi," Jesca alisema. "Ni haki yake, hata mimi nilimwambia baba hivyo. Lakini kule Moshi wananiambia ardhi iko kwa baba. Huku mmeniambia ardhi iko kwa mama. Na leo wewe uliyesema nipewe umesema nisipewe." Alikuwa hapigi kelele, na chozi hakuwa nalo. Alikuwa amekasirika tu, wima, kama mtu anayedai jibu la barua yake. "Na mimi je?"

Bi Nora alitafuta neno. Barua arobaini kwa wiki, miaka mitatu, hakuwahi kukosa neno. Alitafuta la hasira, akatafuta la upole, akatafuta hata uongo, na hakuthubutu kunyanyua macho amtazame yule binti. Alitazama chini. Mikono yake ilikuwa inamenya kiazi, ganda refu jembamba, na haikuwa imesimama hata mara moja tangu binti aanze kuuliza.